Gari la rimoti: jinsi ya kuoanisha mota na kidhibiti mwendo

Gari la kuchezea linaloendeshwa kwa betri na rimoti hutegemea vitu viwili: mota inayozungusha magurudumu, na kidhibiti mwendo, yaani kisanduku kidogo kinachoamua ni umeme kiasi gani utoke kwenye betri uende kwenye mota. Vikikutanishwa bila kupatana, kimoja huungua, na mara nyingi ni kidhibiti.

Kwa kijana anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kosa hilo si dogo. Vifaa vya umeme hufuatwa Mbarara, na kisichopatikana huko huagizwa Kampala, kilomita zipatazo 270 kutoka Mbarara. Sehemu iliyotumwa na ndugu aliye ng'ambo nayo hairudishwi dukani kwa urahisi. Ndiyo maana anayenunua, awe Nakivale au ughaibuni, yampasa kusoma maandishi ya vifaa vyote viwili kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni aina ya mota. Mota ya kaboni, ile ambayo mafundi wa redio na feni wanaifahamu, ina nyaya mbili. Mota isiyo na kaboni ina nyaya tatu nene, na huhitaji kidhibiti chake maalumu. Kidhibiti cha nyaya mbili hakiwezi kuiendesha hata kidogo. Mota ya nyaya tatu isiyo na kebo ya kihisi ikizunguka kinyume, inatosha kubadilishana nyaya zozote mbili kati ya hizo. Nyaya za betri, kinyume chake, hazibadilishwi kamwe: chanya na hasi zikigeuzwa, kidhibiti hufa papo hapo.

La pili ni volti, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Seli moja ya betri ya lithiamu huhesabiwa kuwa volti 3.7, lakini ikijaa hufika 4.2. Betri ya seli mbili iliyojaa ina volti 8.4, ya seli tatu 12.6. Kidhibiti kilichoandikwa 2S-3S kinavumilia seli mbili hadi tatu. Ukikifungia seli nne, zenye volti 16.8, kinaweza kuungua kabla gari halijasogea.

Ampia ni jambo tofauti, na linaeleweka vibaya. Watu huogopa kwamba kidhibiti kikubwa kitaiunguza mota ndogo. Sivyo. Mota huvuta ampia kulingana na mzigo wake, kidhibiti hakiisukumii. Mota inayovuta ampia 35 itakaa salama na kidhibiti cha ampia 60, nacho kitabaki baridi. Hatari iko upande wa pili, kidhibiti kinapokuwa kidogo kuliko mota. Tena, namba kubwa iliyopambwa kwenye boksi huenda ikawa ni ya sekunde chache tu. Inayofaa kuangaliwa ni ile ya matumizi ya mfululizo. Kwa mota za kaboni, watengenezaji wengi hutaja idadi ya chini ya mizunguko ya waya ndani ya mota. Kadiri mizunguko inavyopungua, ndivyo mota inavyovuta umeme mwingi, hivyo kikomo hicho kisivukwe.

Mota isiyo na kaboni huandikwa KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haina mzigo. Mota ya KV 3,300 kwa volti 7.4 huzunguka mara 24,420 kwa dakika. Kwa volti 11.1 hufika 36,630. Anayeongeza seli bila kupunguza meno ya gia ndogo iliyo kwenye mota anaitwika mzigo mzito, hasa kwenye nyasi, mlima au barabara ya murramu. Baada ya dakika tatu za kwanza, gari lisimamishwe na mota iguswe kwa tahadhari. Kidole kisipoweza kukaa juu yake kwa sekunde chache, gia ipunguzwe.

Betri ndiyo inayoweza kudhuru nyumba nzima. Kidhibiti kipangwe kwa betri ya lithiamu, ili kikate umeme kabla kila seli haijashuka chini ya volti 3. Kikiachwa kwenye mpangilio wa betri za aina nyingine, seli huishiwa kupita kiasi, huharibika na huweza kuvimba. Betri iliyovimba haichajiwi tena, iwe kwa sola au kwa umeme wa gridi, na hata nzima haiachwi kwenye chaji usiku watu wakiwa wamelala.

Kwa anayesafiri kwenda kuwatembelea jamaa, betri ya lithiamu iliyo peke yake hubebwa kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, ncha zake zikiwa zimefunikwa, wala haiwekwi kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100. Betri ya volti 7.4 yenye ampia-saa 5 ni wati-saa 37.