Tahadhari Isiyo na Mjibu: Simu na Uokoaji Baharini Bagamoyo

Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 kwamba kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa 2027. Lengo hilo silibishii. Ninachokipinga ni kipimo kilichozoeleka katika maandiko ya teknolojia na maafa: ujumbe ukishaingia kwenye simu, kazi kubwa imekwisha.

Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilichukua zaidi ya saa saba kuvuka bahari hadi kwetu, na habari zake zilikwishatangazwa. Kenya iliwaondoa watu ufukweni Mombasa, ikapoteza mtu mmoja. Tanzania ilipoteza wasiopungua 10. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa na amri ya kutenda. Hali ikawa hiyo hiyo Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia: boti za abiria za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, kwa kuwa zina wa kuzizuia. Ngalawa iliyokwishatweka tanga usiku kutoka Bagamoyo haina mtu huyo. Mvuvi wake hupata angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa linalotaja pwani nzima, Tanga hadi Mtwara, na akishazidiwa na mawimbi hana pa kulijibia.

Jibu, kwa maoni yangu, tunalo tayari, ila limekaa wodi ya wazazi. Mfumo wa m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito wenye dharura, ulianzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mhudumu wa zahanati au ndugu wa mjamzito hupiga 115 bila malipo. Mratibu hufuata maswali yaliyomo kwenye programu, hupima uzito wa dharura, huchagua kituo cha kumpeleka, kisha hutafuta gari. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyekwishasajiliwa, na malipo yake hupita kwenye simu. Uzito wa mfumo huu uko katika malipo hayo. Dereva haombwi huruma usiku wa manane. Ana mkataba, na mafuta yake yana mwenye kuyalipa.

Baharini hali ni kinyume. Mwenye mashua ya injini anayekwenda kumtafuta mwenzake huchoma petroli yake na kupoteza siku ya kazi. Kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji kipo Dar es Salaam, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati hadi ngazi ya chini. Kinachokosekana ni daftari la mashua zilizo tayari Mlingotini, Bagamoyo mjini na Saadani, pamoja na fungu la kuzilipa.

Nitaambiwa mtandao hukatika nje ya miamba. Ni kweli, lakini mara nyingi wa kwanza kujua chombo kimechelewa yuko nchi kavu: tajiri wa chombo, mchuuzi anayesubiri mnadani, mke. Hao simu zao zina mtandao. Kuhusu hofu ya wito wa uongo, m-mama nao huchuja kwa maswali.

Sidai kwamba ngalawa ni sawa na uzazi. Bahari ni pana, na gharama huenda zikazidi. Hata hivyo, halmashauri inayotaka kujua kama teknolojia yake inaokoa watu iache kuhesabu ujumbe uliotumwa, ihesabu dakika kati ya simu kupigwa na mashua ya uokoaji kung'oa nanga.