Walivyoacha kukata mwale kwa kisu

Ukifika Kilolo wakati wa kiangazi, mabondeni utakuta vinyungu: matuta ya mboga na mahindi, na katikati yake vijifereji vya maji. Mkulima akitaka maji yaende pande tano hasimami na panga kuyakata. Anachimba njia, maji yanajigawa yenyewe. Shikilia picha hiyo, maana CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, waliukata mwale wao wa protoni kwa "panga" karibu miaka 40.

Tatizo lilikuwa la vipimo. Mashine yao iitwayo PS, iliyoanza kazi Novemba 1959, ni duara la mita 628. SPS, iliyoanza 1976, ni kubwa mara 11, na inalishwa na PS. Sasa piga hesabu: ukiumwaga mwale wote wa PS kwa mzunguko mmoja, umejaza sehemu 1 tu kati ya 11. Kwa hiyo wakautoa vipande vitano, kimoja kila mzunguko. Awamu mbili za namna hiyo zinajaza sehemu 10, na iliyobaki inaachwa wazi.

Walikataje? Waliusogeza mwale hadi kwenye bati jembamba sana lenye umeme. Protoni za upande mmoja wa bati zinatoka, za upande mwingine zinabaki zisubiri zamu. Ilifanya kazi, ila protoni zilizoligonga bati lenyewe zilipotea, na zikapotea kwa kuacha mionzi ndani ya vyuma. Mashine ikiharibika, anayeingia kutengeneza ni binadamu.

Hasara hiyo ilivumilika mpaka ulipopangwa mradi wa kurusha neutrino kutoka CERN hadi Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi. Mradi huo, uliofanya kazi 2006 hadi 2012, ulihitaji protoni zaidi ya trilioni 20 kwa kila awamu. Asilimia chache za idadi hiyo si kitu cha kufumbia macho.

Mwaka 2002 Roberto Cappi na Massimo Giovannozzi wakachapisha wazo lililoonekana kama kumkaribisha mwizi nyumbani: tumieni resonansi. Resonansi ni kile kinachotokea kwenye bembea. Ukimsukuma mtoto kwa mdundo uleule, visukumo vidogo vinamfikisha juu kabisa. Protoni nayo, ikizunguka, inayumba kushoto na kulia. Kasoro ndogo ya sumaku ikiisukuma kwa mdundo wake, itayumba mpaka igonge ukuta. Ndiyo maana wajenzi wa mashine hizi wamezoea kuikwepa resonansi.

Wao wakaifuga. Waliipanga protoni iyumbe mara 6 na robo kwa kila mzunguko, yaani baada ya mizunguko minne irudi palepale. Kisha sumaku maalumu zinajenga "visiwa" vinne vilivyo tulivu kuzunguka kiini cha mwale. Mdundo ukibadilishwa polepole, visiwa vinakua, vinanasa protoni na kusogea mbali na kiini. Visiwa vinne na kiini: vipande vitano, na hakuna kilichokatwa! Vikishaachana, bati la kutolea linapita kwenye nafasi tupu. Kutoa vyote kunachukua kama milioni-sehemu 10 za sekunde.

Usidhani ilikwenda kama kuteleza Kitonga. Majaribio ya utoaji yalianza 2008, na mionzi ikahamia mahali pengine. Sumaku za kurusha mwale zinahitaji muda kidogo kufikia nguvu kamili, na protoni zinazopita katika muda huo zilikuwa zinagonga ukingo wa sumaku ya kutolea. Vilevile, idadi ya protoni kwenye visiwa ilipandashuka bila sababu kueleweka. Dawa ya la kwanza ilikuwa ngao mbele ya sumaku hiyo, iliyowekwa mashine iliposimamishwa 2013 na 2014. La pili lilifuatiliwa hadi kwenye vijiwimbi vya umeme unaolisha sumaku. Septemba 2015 mbinu mpya ikaanza kazi rasmi.

Kutoka karatasi hadi kazi ilichukua miaka 13. Mpokeaji wa SPS bado anapata vipande vitano vilevile. Aliyenufaika zaidi ni fundi anayeingia ndani na spana: vyuma alivyokuwa anaviogopa sasa vina mionzi kidogo.