Hesabu ya Siku za Mbu

Wekeni daftari na kalamu tayari, maana somo letu la historia leo lina hesabu ndani yake.

Mwaka 1897, huko Bara Hindi, daktari Mwingereza aitwaye Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Njia ya ugonjwa ikajulikana. Lakini wengi walidhani kuwapiga vita mbu ni kazi bure, kwa kuwa hakuna awezaye kuwamaliza. Ross akawajibu kwa hesabu. Katika taarifa yake ya kisiwa cha Morisi ya 1908, na katika kitabu chake cha 1911, alionyesha kwamba si lazima mbu wote wafe. Wakipungua kufikia kiasi fulani, kila mgonjwa huambukiza watu pungufu ya mmoja, na ugonjwa hufifia kidogo kidogo.

Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliendeleza hesabu hiyo. Yeye alitazama umri wa mbu. Mbu akimwuma mgonjwa leo, hawezi kuambukiza kesho. Vijidudu hukomaa mwilini mwake kwa siku 10 hivi au zaidi. Akifa kabla ya hapo, hawezi kumwambukiza mtu.

Sasa andikeni. Mbu 100 wamemwuma mgonjwa. Kila usiku, katika kila mbu 10, wanapona 9. Baada ya siku 10 watabaki 35 hivi. Lakini wakipona 7 tu katika kila 10, watabaki 3 tu!

Chandarua chenye dawa hufanya kazi hiyo: humkinga alalaye, tena hufupisha maisha ya mbu. Katika bonde letu, wilaya za Kilombero na Ulanga, mradi wa KINET ulianza mwaka 1996 kueneza vyandarua hivyo. Mwaka 2001 wataalamu walitangaza kwamba, kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka 4 waliovitumia, kunusurika kifo kuliongezeka kwa asilimia 27.

Mwaka 2007 wataalamu wa Ifakara na wenzao walipiga hesabu tena. Wakaona kwamba watu wazima nao wakitumia vyandarua, hata jirani asiye nacho hupata kinga. Basi, ndugu wa Chita, baba alindaye mpunga dunguni bila chandarua hulisha mbu atakayemwuma mtoto wa mwenziwe.

Tangu hapo mbu wengi wa bonde hili wamezoea dawa za vyandarua, na hesabu inaendelea.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mbu mzee ni hatari kuliko mbu kijana?
2. Mbu 100 wakipona 8 katika kila 10 kila usiku, watabaki wangapi baada ya siku 2?
3. Wakati wa kuamia ndege, nani katika nyumba yako hulala bila chandarua?

Kwaherini.