Historia Iliyo Nyuma ya Mpaka wa Serengeti

Mwalimu wa historia anayefundisha Mkula, mkoani Simiyu, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Jirani yake iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wanafunzi wanaijua kwa tembo wanaokula mahindi na kwa habari za watu waliokamatwa kwa ujangili. Wasichokijua ni jinsi mpaka wake ulivyopatikana.

Wengi huamini kwamba Serengeti ni pori lisilopata kukaliwa na watu. Imani hiyo si sahihi. Kuanzia mwaka 1890 hivi, sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, ikafuatwa na njaa na ndui. Wafugaji walipopungua, vichaka viliota kwenye malisho na mbung'o wakaenea. Nchi ambayo wageni waliiona tupu ilikuwa na wenyewe.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia saini zao katika makubaliano ya kuondoka Serengeti. Mwaka uliofuata Ngorongoro ikatengwa, na wafugaji wakaruhusiwa kuishi humo pamoja na wanyama. Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata na Wasukuma nao walikuta kuwinda na kuchunga walikozoea kumekuwa kosa la jinai.

Mwalimu afanye nini na habari hizi? Kwanza, azifundishe bila kuzipunguza na bila kupandikiza chuki. Hifadhi ni mali ya taifa, na faida zake zielezwe. Lakini mtoto anayeambiwa faida peke yake, huku nyumbani akisikia machungu ya babu yake, ataacha kumwamini mwalimu.

Pili, asiwaoneshe Wasukuma kama watu wasio na lawama. Wasukuma na Wamasai waliibiana ng'ombe kwa miaka mingi, na damu ilimwagika pande zote mbili. Mtoto wa Kisukuma anayejua tu kwamba Mmasai ni mwizi wa mifugo ameijua nusu ya habari. Afundishwe pia kwamba sotoka haikuchagua kabila, na kwamba mpaka uliomwondoa Mmasai ndio uliomfungia Msukuma malisho. Upatanisho huanzia hapo, kila upande unapolitambua kosa lake na kuuona msiba wa mwenzake.

Tatu, awatume wanafunzi kwa wazee wakaulize: mifugo ilinyweshwa wapi, mahali hapa paliitwaje, nani alihama na kwa nini. Kisha majibu yalinganishwe na yaliyoandikwa, maana mzee naye huweza kusahau au kupendelea upande wake.

Jambo hili halijapita. Mwaka 2022 kaya kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Vijana tunaowafundisha leo ndio watakaokaa kesho katika mabaraza ya vijiji na katika ofisi zinazochora mipaka. Hapana budi wajue kwamba kabla ya kuchora mstari huulizwa kwanza nani anaishi pale.