Sanaa ya She-Karisi katika Misitu ya Walikale

Miongoni mwa Wanyanga, wakulima na wawindaji wa misitu ya Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, magharibi ya milima ya Masisi wanakoishi jirani zao Wahunde, ufundi wa muziki ulirithishwa ndani ya jamaa, na kilele chake kilikuwa karisi, yaani utendi mrefu unaosimuliwa, kuimbwa na kuchezwa kwa wakati mmoja. Aliyeumudu aliitwa She-Karisi, na mabingwa wa namna hiyo hawakuwa wengi hata zamani.

Mghani hakufanya kazi peke yake. Mkononi alishika kibuyu cha kutikisa na usinga, miguuni akafunga njuga, na kando yake vijana walichutama mbele ya ufito mkavu uliolazwa juu ya vijiti vidogo ili usiguse ardhi, kila mmoja akiupiga kwa vijiti viwili huku akiitikia. Hapo ndipo shule yenyewe ilipokuwa: kijana, mara nyingi ndugu wa mghani, alianza kwa kushika mapigo, akazoea nyimbo, kisha vipande vya hadithi, mpaka akaweza kuongoza mwenyewe. Mwenyeji, awe mwami, yaani mtawala wa kimila, au mtu mwenye mali, alimkirimu chakula na pombe, nao wasikilizaji wakamtuza shanga na butea, fedha ya kienyeji iliyotengenezwa kwa nyuzi za mmea.

Kwa kawaida ziliimbwa sehemu chache tu kwa jioni moja. Mwaka 1956, hata hivyo, She-Karisi Rureke wa kijiji cha Bese alikubali kuutoa utendi wa Mwindo mzima, kazi iliyochukua siku 12, mbele ya mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck, ambaye pamoja na mtafiti mwenzake Kahombo Mateene aliuchapisha mwaka 1969. Humo, mtawala Shemwindo, asiyetaka mtoto wa kiume, anamfungia mwanawe Mwindo ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, lakini mtoto anaendelea kuimba humo humo. Ni tukio ambalo wapiga ala pekee wangeweza kulibuni kwa uzito huo.

Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matoleo mengine ya utendi huo. Hata hivyo, kitabu huhifadhi maneno tu. Mapigo ya ufito na namna ya kuitikia hujifunzwa kwa kuketi karibu na mghani jioni baada ya jioni, na vita vilivyozuka Walikale na Masisi kuanzia Machi 1993 vilivitawanya vijiji vilivyohitajiwa na mafunzo hayo.