Mrututu, zebaki na mbegu ya ngano

Mkulima wa Ulaya wa karne ya 18 aliijua fugwe ya ngano kwa pua. Suke lililoambukizwa husimama wima shambani, ukilitazama kwa mbali utadhani ni zima. Iminye punje yake: inapasuka na kumwaga unga mweusi unaonuka kama samaki aliyeoza. Mmea umekua, umetoa suke, na ndani hamna ngano. Wakati wa kupura, punje hizo hupasuka na kuchafua zile nzima, na msimu unaofuata ugonjwa unapandwa pamoja na mbegu.

Wengi walilaumu ukungu wa alfajiri au udongo. Mwaka 1755 Mfaransa Mathieu Tillet, ofisa wa kiwanda cha sarafu mjini Troyes, alipanda vijishamba vya majaribio, akaonyesha kwamba unga ule mweusi ndio unaoambukiza. Yeye aliudhani ni sumu tu. Mwaka 1807 Bénédict Prévost, mwalimu wa Montauban, aliona kwa hadubini kwamba ni kitu hai kinachochipua, na kwamba kikiwekwa kwenye maji yaliyogusa shaba hakichipui. Akashauri mbegu itiwe mrututu, yaani chumvi ya shaba, kabla ya kupandwa. Wanazuoni wa Paris hawakumkubali, lakini baadaye wakulima walilowesha mbegu zao kwa mrututu kizazi baada ya kizazi.

Ushauri ule ulifaa kwa sababu kitu hicho hai, ambacho ni kuvu, huuingia mche ungali chini ya udongo, kabla haujachomoza. Ukishachomoza, umechelewa. Dawa yenyewe haimwongezei mkulima punje hata moja; inamlindia zile ambazo mmea ungezaa. Mrututu ulikuwa na ubaya wake pia: ukizidi unaua kiini, mbegu haioti. Ndiyo maana wengi waliipaka chokaa baada ya kuilowesha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ya Bayer ikaleta dawa ya mbegu yenye zebaki, Uspulun. Zilizofuata zilikuwa rahisi kutumia, ziliua kuvu za aina nyingi na mche haukuumia. Zikaenea duniani. Huko Sweden ndege waliookota mbegu zilizopakwa dawa hizo walikufa kwa wingi, na mwaka 1966 nchi hiyo ikapiga marufuku zile zilizo kali zaidi. Mwaka huohuo wanasayansi walitangaza karboksini, dawa inayopenya ndani ya mmea na kuifuata kuvu hadi kwenye kiini cha mbegu, mahali ambapo mrututu haukufika.

Kwa hiyo njia nyingine ilikuwapo. Hata hivyo, mwaka 1971, baada ya ukame, Iraki iliagiza makumi ya maelfu ya tani za mbegu ya ngano na shayiri iliyopakwa zebaki. Ngano nyingi ilitoka Meksiko. Sehemu ya shehena iliwafikia wakulima wakiwa wameshapanda. Magunia yalikuwa na maonyo kwa lugha ambazo mwanakijiji hakuzisoma, na mbegu zilitiwa rangi nyekundu. Watu waliziosha. Rangi ikatoka, zebaki ikabaki. Wengine waliwapa kuku kwanza, wakawatazama siku chache, wakawaona wazima. Ndipo wakasaga unga na kuoka mikate.

Zebaki hii haiui papo hapo. Ilichukua majuma kadhaa kabla ya ganzi kuanza mikononi na kuzunguka midomo, kisha miguu ikayumba, macho yakafifia, masikio yakaziba. Hospitali zilipokea wagonjwa 6,530, na 459 kati yao walifia humo. Waliofia majumbani hawamo katika hesabu hiyo. Wanawake waliokula mikate hiyo wakiwa wajawazito walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika.

Siwalaumu wale walioosha mbegu. Mtu mwenye njaa aliyepewa ngano, kisha akaijaribu kwa kuku wake, alitumia akili yote aliyokuwa nayo. Makosa ni ya walioipakia bila kumwandikia kwa lugha yake.

Mbegu ya mahindi inayouzwa leo katika maduka ya pembejeo ya Kenya na Tanzania mara nyingi imepakwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani, ishara kwamba imetiwa dawa. Dawa zimebadilika, ila mbegu hiyo si chakula cha mtu wala cha kuku. Ikibaki baada ya kupanda haioshwi ikasagwa, na mfuko wake hauwekewi unga.