Mbung'o, Bunduki na Kamera katika Bonde la Lambwe

Bonde la Lambwe, magharibi mwa Kenya, limelala kaskazini-magharibi mwa Ndhiwa, kati ya ukingo wa Kanyamwa na milima ya Gwassi, kilomita kumi hivi kutoka Ziwa Viktoria. Mto Olambwe hupita humo, na kandokando yake kuna nyasi ndefu, migunga na vichaka vilivyofungamana. Kilomita 120 za mraba za bonde hilo ndizo leo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Kutazama wanyama hapa kuna historia tofauti na ile ya Maasai Mara au Amboseli. Kwa muda mrefu aliyeingia porini Lambwe alikuwa mwindaji, kisha akaja mtu wa afya na chupa zake za damu. Mpigapicha alikuja mwisho.

Waluo wa Kanyamwa na Wasuba wa Gwassi waliwinda kwa mikuki na mbwa. Mwindaji alilazimika kuujua mwendo wa mnyama kwa nyayo, kinyesi na nyasi zilizolazwa, na kujua upepo unavuma kutoka wapi. Ujuzi huo haukuandikwa kitabuni, ingawa hata leo mtu anayetaka picha nzuri ya tohe au ya taya anauhitaji wote. Sheria za kikoloni ziliugeuza uwindaji huo kuwa ujangili, huku mgeni mwenye leseni na bunduki akiruhusiwa kuendelea.

Wakati huohuo kamera ilikuwa imekwisha kuingia Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za usiku katika nchi ya Kilimanjaro kwa mwako wa unga wa magnesi. Mwaka 1909 Mwingereza Cherry Kearton alifika na kamera ya filamu, na mwaka huohuo chama cha wapenzi wa viumbe na mimea kikaanzishwa Nairobi, kile ambacho siku hizi hujulikana kama Nature Kenya. Nyanza Kusini, liliko bonde la Lambwe, haikupata sifa hizo. Ilijulikana zaidi kwa malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, kuliko kwa swala.

Malale yaliuvamia mwambao wa ziwa tangu mwanzo wa karne hiyo, na upande wa Uganda pekee watu zaidi ya laki mbili walikufa. Mbung'o waliokaa kwenye vichaka vya Lambwe walieneza pia nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe, na kwa mfugaji nchi isiyofugika haikaliki. Kwa hiyo jembe na zizi vilichelewa kufika bondeni, na wanyama wakabaki. Mdudu huyu aliwalinda kuliko askari yeyote wa wanyamapori, japo gharama ya ulinzi huo ililipwa na watu.

Wataalamu wa afya nao walimtazama mnyama kwa jicho lao. Mwaka 1958 watafiti Heisch, McMahon na Manson-Bahr walitangaza kwamba wamepata vimelea vya malale katika damu ya pongo mmoja wa Nyanza. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba mnyama wa porini anaweza kuhifadhi vimelea vinavyomwua binadamu. Tangu hapo pongo na nyati wa Lambwe wakawa washukiwa. Mlipuko wa malale wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulileta ndege za kunyunyiza dawa juu ya vichaka. Baadaye ikaja mitego ya kitambaa, kazi iliyofanyiwa utafiti na ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyo na kituo chake Mbita. Mtego wenyewe ni rahisi: kitambaa cha buluu cha kumvuta mbung'o kutoka mbali, kitambaa cheusi cha kumfanya atue, chandarua cha kumnasa, na kando yake chupa ya mkojo wa ng'ombe, kwa kuwa mdudu huyu hufuata pia harufu. Ndiyo sababu anayekwenda Ruma kupiga picha hushauriwa asivae buluu wala nyeusi. Suruali ya jinzi huko ni mtego unaotembea.

Uamuzi wa kulihifadhi bonde ulikuja mwaka 1966, lilipotangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, hasa kwa ajili ya korongo. Huyu si yule ndege mwenye miguu mirefu, bali ni swala mkubwa kama farasi, mwenye uso wa rangi nyeusi na nyeupe kana kwamba amevaa barakoa, masikio marefu yenye kishungi nchani, na pembe zenye mapete zilizopinda kwenda nyuma. Nchini Kenya hana tena makao mengine ya porini. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa burudani, na kampuni za safari zilizoishi kwa bunduki zikalazimika kuishi kwa kamera. Mwaka 1983 hifadhi ya Lambwe ikawa mbuga ya kitaifa kwa jina la Ruma.

Hata hivyo Ruma haikuwa mahali pepesi kwa mpigapicha. Nyasi humfunika korongo hadi shingoni, udongo mweusi hunasa magari wakati wa mvua, na hoteli zilikuwa chache. Nafasi nzuri hupatikana baada ya moto kupita, machipukizi yanapowavuta taya na korongo uwandani. Watazamaji wa ndege walikuwa na sababu yao ya kuvumilia matope: mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini duniani, huzaliana kusini mwa Afrika na kuja nyanda za Lambwe kati ya Aprili na Septemba. Wengine huongeza safari ya Simbi Nyaima, ziwa la kreta karibu na Kendu Bay, wanakotua heroe.

Mwaka 2012 faru weusi waliletwa Ruma kutoka Mugie, Laikipia, kuwaepusha na majangili. Korongo hawakupata bahati ya namna hiyo. Mitego ya waya, moto na wanyama wala nyama viliwapunguza mwaka hadi mwaka, na sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ikahesabu 15 tu nchini kote. Kwa idadi hiyo picha imekuwa chombo cha kuhesabia. Twiga hutambuliwa mmojammoja kwa madoa yake, faru kwa alama zinazokatwa masikioni, na kamera zinazofungwa mitini hunasa usiku wanyama wasioonekana mchana, kama mondo na chui.

Simu imeleta mashaka mapya. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa, na picha ya faru ikisambazwa hivyo humwelekeza jangili moja kwa moja. Waongozaji makini huwaambia wageni wazime huduma ya mahali kabla ya kupita lango la Kamato, na wasitaje mtandaoni sehemu ya mbuga walikomwona faru.